Nilivyompasisha Kaka Yangu

Nilikuwa mwalimu wa darasa la saba katika shule moja ya baraza la jiji huku Eastlands, na nilijulikana kwa jambo moja: watoto wangu walipita. Walipita kwa sababu nilikusanya karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, nikawakaririsha majibu mpaka wakawa wanayataja hata kabla sijamaliza kusoma swali. Wazazi walinipenda. Mwalimu mkuu alinipenda. Kama mtoto ameelewa au hajaelewa, hilo halikuulizwa na mtu, na mimi sikujisumbua kujiuliza. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba nilichomfanyia kaka yangu kilitoka mbali. Kilitoka pale pale darasani kwangu.

Kaka yangu alinizidi miaka miwili. Alikaa Maringo, chumba na sebule, yeye na mkewe na watoto wao wawili, msichana na mvulana. Kazi yake ilikuwa kupanga herufi katika kiwanda cha kuchapa vitabu kule viwandani. Siku hizo herufi zilikuwa vipande vidogo vya madini ya risasi, na yeye alizichomoa moja moja kutoka kwenye visanduku vyake akazisimamisha mstari baada ya mstari, akisoma kinyumenyume bila kukosea. Alikuwa mtu wa majivuno kidogo kwa kazi ile. Ukimpa gazeti, kabla hajakwambia habari, atakwambia wapi wamekosea nukta.

Asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, gari lilimgonga kwenye Barabara ya Jogoo akiwa juu ya baiskeli yake. Alilala hospitalini siku kumi na tisa bila kujua yuko wapi. Alipoamka alijifunza upya kushika kijiko, akajifunza kutembea huku ameshika ukuta, na kufikia mwezi wa nne tangu aumie alikuwa anatembea mwenyewe kutoka nyumbani mpaka kanisani. Nywele ziliota zikafunika kovu. Ukikutana naye njiani mkasalimiana, ungeapa kwamba hana kitu.

Na mimi nikaapa. Jumapili ile ya kwanza aliyoingia kanisani kwa miguu yake, nilisimama mbele ya watu wote nikashuhudia kwamba kaka yangu amepona kabisa. Akina mama wakapiga vigelegele, mzee wa kanisa akafuta machozi. Baada ya maneno hayo ningerudije nyuma? Ilibidi awe amepona.

Lakini mke wake, wifi yangu, aliyaona mengine. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, anauza mboga pale sokoni, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwona hajasoma. Alinijia shuleni siku moja, akanisubiri mpaka kengele ya chakula, akanieleza tukiwa tumesimama kando ya mfereji. Aliniambia kaka anaanza kuvaa na hamalizi, anamkuta ameketi kitandani na soksi moja mkononi saa nzima. Redio ya jirani ikiwashwa anaziba masikio na kutukana. Hasikii harufu ya kitu chochote. Maharagwe yaliungua mpaka nyumba ikajaa moshi naye ameketi hapo hapo. Alimsukuma mtoto ukutani kwa sababu ya kelele, kisha akalia kuliko mtoto.

"Huyu si yule," akaniambia. "Wifi, nakuomba, ukienda kwa daktari uyaseme haya yote."

"Nitayasema," nikamjibu, na nilikuwa naangalia mchanga uliojaa kwenye viatu vyake.

Kila miezi mitatu kaka alitakiwa kurudi kliniki akapimwe. Daktari wake alikuwa kijana mpole, mwenye subira ambayo ilinikera. Mara ya kwanza nilipompeleka, alinieleza kwamba watu walioumia kichwa vibaya hupangwa katika madaraja matano. La chini kabisa ni aliyekufa. Kisha kuna aliye hai lakini hajitambui, kisha anayehitaji mtu wa kumsaidia kila siku, kisha anayejitegemea lakini ana upungufu. La juu ni aliyepona vizuri, akarudi kwenye maisha yake. "Mwalimu, sitaki kujua tu kama mkono una nguvu," akasema. "Nataka kujua siku yake inakwendaje tangu asubuhi mpaka jioni."

Mimi kati ya maneno yote hayo nilisikia moja tu: madaraja. Nikajiambia, hapo sasa nimefika nyumbani.

Siku ile kaka alipimwa akafanya vibaya. Aliulizwa tarehe, hakuijua. Aliambiwa ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja akitoa saba saba, akafika tisini na tatu akakwama hapo, anaangalia dirisha. Aliambiwa akumbuke vitu vitatu, chungwa, ufunguo na treni, na baada ya dakika tano akakumbuka treni peke yake. Aliulizwa atafanya nini akiona moshi unatoka kwa jirani, akasema, "Nitasema moshi." Niliona aibu ikanipanda mpaka masikioni, kama vile mwanafunzi wangu ameniaibisha mbele ya mkaguzi. Nilitoa kalamu kwenye mkoba, nikayaandika maswali yote kwenye kiganja cha mkono.

Kwa majuma kumi nilikuwa naenda Maringo kila jioni nikitoka shule. Niliandika kwa chaki nyuma ya mlango wao: tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili, sitini na tano. Nilimsimamisha kaka mbele ya mlango akaimba nami. Chungwa, ufunguo, treni. Moshi? Namwita jirani, nachukua maji, naita watu. Akikosea tunarudia. Akichoka tunarudia. Alikuwa akishika kichwa kwa mikono miwili akisema, "Ticha, niache kidogo," maana ndivyo alivyoniita tangu nipate kazi, kwa lugha yao ya mtaani, nami nilikuwa namjibu kama ninavyowajibu watoto wa darasani: mvivu ndiye anayechoka. Mpaka bintiye wa miaka sita akawa anahesabu saba saba akicheza kamba uani.

Wifi alikuwa anapika, hasemi. Jioni moja tu aliuliza, "Na haya yatamsaidia kuvaa soksi?" Nikamwambia hayo ni mambo ya kisomo asiyaingilie. Nilisema hivyo katika nyumba yake, mbele ya sufuria yake.

Siku ya kliniki tulikwenda watatu. Wifi aliacha kuuza mboga siku hiyo akavaa leso mpya, kwa sababu alitaka kuingia mwenyewe akaongee na daktari. Mlangoni muuguzi akasema ndugu ni mmoja tu. Nikamtazama wifi nikamwambia, "Kaa hapa kwenye benchi. Mimi ndiye ninayejua Kiingereza." Daktari yule alikuwa akituzungumzia Kiswahili kizuri tangu siku ya kwanza, na wifi alijua. Alikaa kwenye benchi.

Kaka alijibu kila kitu. Alihesabu saba saba bila kupumua mpaka daktari akamwambia basi, inatosha. Vitu vitatu akavitaja hata kabla muda haujafika. Moshi akauzima. Nilikuwa nimeketi nyuma ya bega la daktari, midomo yangu inakwenda pamoja na yake. Kisha daktari akauliza swali ambalo halikuwa kwenye kiganja changu: leo asubuhi amekula nini. Kaka akaniangalia. Nikaunda maneno bila sauti, chai na mkate, naye akayasema. Kwa kweli alikuwa amekula viazi. Mimi ndiye niliyekula chai na mkate.

Daktari akamwomba kaka atoke akaketi nje na mkewe. Akafungua karatasi nyingine, ya maswali ya ndugu. Anajivalia? Anaweza kupanda basi mwenyewe, akaenda dukani, akarudi na alichotumwa? Je, hasira? Ugomvi nyumbani? Amebadilika kwa wale anaokaa nao? Nilijibu yote. Anajivalia. Anaenda, anarudi. Mtaratibu kama zamani.

Aliinua kalamu kabla hajaandika. "Mwalimu, una hakika? Watu wengi huficha, na si kwa ubaya. Nikiandika kwamba amepona vizuri, kazini watampa kazi yake yote kama zamani. Nikiandika kwamba bado ana upungufu, naweza kuwaomba wampe kazi nyepesi, na wamesema wako tayari."

Kazi nyepesi. Niliijua ni ipi. Ni chumba cha nyuma, kufunga vitabu kwa kamba pamoja na vijana walioshindwa shule. Nikamwona kaka yangu, mtu wa kutafuta nukta kwenye gazeti, anafunga vifurushi, nikaona na kanisa zima likiuliza ni uponyaji gani ule nilioushuhudia. "Sina sababu ya kuficha," nikasema. Akaweka alama kwenye daraja la juu. Nilifurahi, na sitadanganya kuhusu hilo, nilifurahi kama siku matokeo yanapobandikwa.

Nje kaka akaniuliza, "Nimepita?"

"Umepita."

Hakutabasamu. Wifi aliniangalia akaelewa kwamba sikusema, akachukua kikapu chake akatangulia kituoni.

Alirudi kazini akakaa miezi miwili na siku kadhaa. Mistari ilitoka imepungua maneno. Herufi za kisanduku kimoja aliziweka kwenye kingine, wenzake wakawa wanarudia kazi yake. Mashine zilipounguruma alitoka nje bila ruhusa, wakimfuata wanamkuta amekaa chini ya mti analala. Mwisho mwenzake mmoja alimtania, naye akainua trei nzima ya herufi zilizopangwa tayari akaibwaga sakafuni. Wakamfukuza kwa utovu wa nidhamu.

Nilikwenda kumwona msimamizi wao nikiwa nimejaa hasira. Nilimwambia kwamba mtu aliyelala siku kumi na tisa hajitambui hafukuzwi kama mlevi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mzee wa heshima zake, ana wino kwenye kucha. Akavuta droo akatoa barua ya daktari.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikuwa nimemwekea nafasi kule nyuma. Hata meza nilikuwa nimempangia, mbali na mashine, ili asisumbuliwe na kelele. Barua ikaja inasema hana upungufu wowote. Sasa mtu mzima akibwaga trei, mimi niiite nini? Hiyo ni tabia."

Niliisoma ile barua nikamrudishia. Nilitoka mle nikatembea kwa miguu mpaka Maringo, na njia nzima nilikuwa natafuta mtu mwingine wa kumlaumu.

Tangu hapo mtaa mzima ukawa na jina la kumpa. Mvivu. Mkorofi. Wengine walisema pombe, na hakuwa ameionja tangu aumie. Mgonjwa huletewa uji na kuombewa. Aliyepona akikaa kivulini mchana kutwa husemwa. Karatasi yangu ilimwondoa kaka kwenye kundi moja ikamtia kwenye jingine, na huko hakuna aliyekuwa na huruma naye, hata mimi. Nilimgombeza. Nilimwambia watoto wataiga tabia zake.

Wifi alipochoka aliita wazee. Walikaa pale sebuleni, baba zetu wadogo wawili na shangazi, na yeye akaeleza kwa utaratibu yale yale aliyonieleza kando ya mfereji. Akasema haombi kuachwa, anaomba tu ikubalike kwamba mume wake ni mgonjwa, ili ajue namna ya kukaa naye. Baba mdogo mmoja akageuka akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikimpeleka hospitali. Wifi alinitazama moja kwa moja usoni.

Nikasema, "Daktari alimpima akaonekana mzima."

Wakamwambia wifi avumilie na aache kumchafulia mumewe jina. Juma la pili yake alifunga vitu vyake, akawachukua watoto, akarudi kwao Kakamega. Kanisani walisema amemkimbia mume kwa sababu hana kazi. Nilikuwepo yakisemwa, na nilikuwa naimba kwenye kwaya.

Kaka akaja kukaa kwangu Huruma, ghorofa ya pili, na hapo ndipo nilipopata daraja langu mwenyewe. Nilimkuta na soksi mkononi. Nilirudi kutoka shule nikakuta stovu inatoa moshi mweusi na yeye anasoma. Jumamosi moja nilimtuma Kiamaiko akanunue nyama ya mbuzi, mwendo mfupi tu. Nilimngoja mpaka saa tisa, nikashuka kumtafuta, nikamkuta amesimama katikati ya wauza mbuzi, pesa ameikunja kwenye ngumi, watu wanampita. Hakuwa amepotea. Alisema alikuwa anajaribu kukumbuka aanze na nini. Nilimshika mkono tukarudi, na kwenye ngazi nililia kwa sauti bila kujali majirani.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni nikampeleka kliniki. Ilikuwa imepita miaka mitatu. Yule kijana alikuwa ameondoka, na daktari mwanamke aliyekuwepo alifungua faili akaniuliza tumekuja kwa nini, maana huyu alishapona. Nikamweleza kila kitu, kiganja, mlango, chaki, chai na mkate. Nilidhani atanigombeza, na nilitaka anigombeze. Aliandika tu. Kisha akasema maneno ambayo sikuyategemea, kwamba majibu yale yalikuwa yamewekwa pamoja na ya wagonjwa wengine, ili madaktari wajue mtu aliyeumia hivyo hufikia wapi baada ya muda, na wawaambie ndugu wa watakaoletwa baadaye watarajie nini. "Siwezi kulifuta la zamani," akasema. "Naandika jipya chini yake." Akaandika upungufu, na safari hii alimuuliza kaka mwenyewe, polepole, akamngojea ajibu.

Tulikaa kwenye benchi nje kusubiri dawa. Nikamwambia kaka yote, kwamba hakupita siku ile, ni mimi niliyepita, na kwamba kazi yake na mke wake vimekwenda kwa ajili ya mdomo wangu. Nilidhani hataelewa.

"Nilijua," akasema. "Nilitaka kumwambia daktari kichwa kinanguruma, kazi sitaiweza. Mama watoto alikuwa ameniambia niseme."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umejichosha sana kunifundisha, ticha. Nikaona nikisema nitakuangusha."

Nilishindwa kumtazama. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia mimi baadaye, nyumbani, miaka yote hiyo.

"Hukuniuliza," akasema. "Uliniuliza yale ya daktari tu."

Shule zilipofunga nilipanda basi kwenda kwa wifi. Nilimkuta anaanika mahindi uani kwao. Alinipa kiti, akaniletea chai, akanisalimu kwa adabu zote kama mgeni, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nilimwomba msamaha. Nilimweleza alichoandika daktari mpya, nikamwambia nitakwenda kwa wale wazee mmoja mmoja nikiri kwamba nilisema uongo, na kwamba niko tayari kusimama tena kanisani. Alinisikiliza mikono ikiendelea kwenye mahindi.

"Wazee ni wako," akasema mwishowe. "Kanisa ni lako. Mimi nina watoto wawili hapa, na huyu mkubwa ana miaka tisa. Akiulizwa na wenzake baba yako yuko wapi, husema baba alitufukuza kwa sababu ni mtu mbaya. Mimi sikumfundisha. Ameona mwenyewe akisukumwa, akasikia na wazee wakisema baba ni mzima."

Nikasema nitamwandikia barua mtoto, nimweleze vizuri.

"Hapana, wifi. Usiandike." Aliinuka akachukua kikombe changu kilichokuwa bado kimejaa. "Wamekwenda mtoni, wanarudi sasa hivi. Utamwambia kwa mdomo huo huo. Na akikuuliza swali, umjibu lile alilouliza."

Nikakaa. Niliwasikia kabla sijawaona, wanakuja njiani na mitungi yao wakicheka, na msichana alipotokea kwenye ua, akanitambua, alisimama pale pale. Hakuniamkia. Aliuliza, "Shangazi, baba amekutuma?"

Nikamwambia hapana, nimejituma mwenyewe, na nikamwomba atue mtungi aketi.